Kichupa na sirinji, kalamu, au insulini ya wanyama: ipi ya kumdungia paka mwenye kisukari nyumbani?

Paka wangu Tunda alianza kwa maji. Bakuli lililokuwa likimtosha kutwa nzima likawa linakauka kabla ya adhuhuri, kisha nikawa namkuta bafuni analamba beseni. Mchanga wake wa choo ulilowa kila asubuhi. Mukene, dagaa wetu wa ziwani, aliwala kama kawaida, hata kupita kawaida, lakini mifupa ya mgongo ikaanza kuhesabika, na miguu ya nyuma ikawa inakanyaga kwa visigino. Majirani hapa Kibuli, Kampala, walisema ni uzee tu, kwa kuwa ana miaka 11. Daktari wa wanyama alipima damu na mkojo akasema ni kisukari, ile sukaali tunayoijua kwa wazee wetu.

Kama nawe umefika hapo, huenda umeshaambiwa kwamba paka atadungwa insulini mara 2 kwa siku, na sasa umesimama mbele ya famasi hujui ununue kifaa gani. Njia zinazozungumzwa ni 3: kichupa cha insulini ya binadamu na sirinji ya kawaida ya insulini, kalamu ya insulini ya binadamu, na insulini iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama pamoja na sirinji zake. Nimetumia mbili za kwanza kwa mikono yangu. Ya tatu nimeitafuta sana na kuisoma sana, nami nitaieleza kwa kipimo kilekile.

Aina ya insulini na dozi huamuliwa na daktari aliyempima paka wako. Ulinganisho huu ni wa kukusaidia uingie kwake ukiwa na maswali sahihi.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni udogo wa dozi. Paka wa kilo 4 mara nyingi huanzishiwa yuniti 1 kila baada ya saa 12. Insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100 katika mililita 1, kwa hiyo yuniti 1 ni sehemu moja ya mia ya mililita. Tone la maji linalodondoka bombani ni takriban sehemu moja ya ishirini ya mililita. Maana yake dozi nzima ya paka ni kama tone moja lililogawanywa mara 5. Mtu mzima anayejidunga yuniti 30 akikosea yuniti 1 huenda asihisi chochote. Paka ukimkosea yuniti 1, umemzidishia maradufu.

Cha pili ni upatikanaji usiokatika. Paka akibadilishiwa insulini, daktari hulazimika kutafuta dozi upya tangu mwanzo, kwa hiyo dawa inayopatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao ni tatizo hata kama ni nzuri.

Cha tatu ni joto. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda barafu imekwisha kazi, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Cha nne ni fedha, na hapa tazama gharama ya mwezi mzima baada ya kuhesabu kile kitakachomwagwa, maana bei ya kwenye rafu hudanganya. Cha tano ni mikono: nani atadunga, anaona vizuri kiasi gani, na paka mwenyewe anatulia kwa muda gani.

Kuhusu saa, sisi wa huku tumerahisishiwa. Jua letu halibadiliki sana mwaka mzima, na saa zetu zenyewe zimegawanya siku katikati: saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Magharibi ikishaadhiniwa Kibuli, Tunda mwenyewe huja kukaa karibu na friji.

Usiseme tu "nipe insulini"

Jambo hili huwapoteza wengi kabla hata hawajachagua kifaa. Insulini inayojulikana sana kwenye famasi na vituo vya afya ni ile ya mchanganyiko wa 30/70, ambayo wengi huiita kwa jina lake la biashara, Mixtard. Ni insulini ya haraka asilimia 30 iliyochanganywa na ya kati asilimia 70, na ni nyeupe kama maziwa mepesi. Kwa paka haifai kuwa chaguo la kawaida: sehemu ya haraka humshusha sukari kwa kishindo, kisha mwili wake unaimaliza dawa mapema na sukari inapanda tena. Ile ya kati peke yake, NPH, ambayo nayo ni nyeupe, hutumiwa na baadhi ya madaktari pale inapokosekana nyingine, lakini kwa paka wengi nguvu yake huisha kabla ya saa 12 kutimia.

Insulini ya binadamu ambayo madaktari wa paka huipendelea ni glarjini, ambayo jina lake la biashara linalofahamika ni Lantus. Ni angavu kama maji. Ukiiona imekuwa na ukungu au chembe, usiitumie. Katika njia mbili za kwanza hapa chini, ninaposema insulini ya binadamu nina maana ya glarjini.

Kichupa cha glarjini na sirinji

Dozi ndogo. Sirinji za insulini hazifanani, na hili sikulijua. Kuna za mililita 1, za nusu mililita, na za mililita 0.3. Kwenye nyingi za mililita 1, kila mstari ni yuniti 2. Kwenye za nusu mililita kila mstari huwa yuniti 1, na baadhi ya zile za 0.3 zina mistari ya nusu yuniti. Siku ya kwanza niliuziwa famasini za mililita 1, nikavuta dawa hadi mstari wa kwanza nikiamini ni yuniti 1. Mama mkwe, ambaye amejidunga mwenyewe miaka mingi, alikuwa amekaa mkekani akinitazama. Akanyoosha mkono, akavaa miwani yake, akaigeuza sirinji kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanangu, hapo ni mbili," akasema. "Unataka kumuua mnyama?" Nilirudi famasi siku hiyohiyo kwa boda kutafuta ndogo, na mkono ulikuwa unanitetemeka njia nzima.

Kwa hiyo njia hii ni sahihi ukiwa na sirinji ya mililita 0.3, hasa yenye nusu yuniti, na ni ya hatari ukiwa na ya mililita 1. Angalia pia mapovu: povu moja dogo linaweza kuchukua nafasi ya dozi yote. Vuta polepole, gonga kwa kucha, rudisha hewa kichupani, vuta tena.

Wapo wanaofikiri kuizimua glarjini kwa maji safi ili ipimike kirahisi. Usifanye hivyo. Glarjini imetengenezwa ikiwa na asidi, na hukawia mwilini kwa sababu ikikutana na hali isiyo na asidi chini ya ngozi hugeuka chembe ndogo zinazoyeyuka taratibu. Ukiizimua au kuichanganya na insulini nyingine, unaharibu kitu hasa ulichoinunulia.

Upatikanaji. Famasi kubwa za Kampala, zikiwemo zile za eneo la William Street na Wilson Road, ndiko pa kuanzia. Sirinji za insulini ya yuniti 100 kwa mililita zipo karibu kila mahali. Zile ndogo zenye nusu yuniti ndizo zinazohitaji kuulizia na kuagiza. Mimi nikizipata hununua za miezi 2.

Joto. Weka kichupa rafu ya katikati ya friji, mbali na sehemu ya barafu. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa huhifadhi ubaridi kwa saa kadhaa, basi mlango usifunguliwe ovyo. Glarjini iliyokwisha kufunguliwa inaruhusiwa kukaa nje ya friji siku 28 ilimradi joto lisizidi nyuzi 30. Nyumba ya matofali Kampala inawezekana. Chumba cha bati saa 8 mchana, au kiangazi cha Gulu na Arua, hapo utahitaji mbinu: kichupa ndani ya mfuko mkavu, ndani ya chungu kidogo, kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa kati yao, kivulini penye upepo.

Fedha. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Paka anayepata yuniti 1 mara 2 kwa siku hutumia yuniti 56 katika siku 28. Ukifuata maandishi ya mtengenezaji, utamwaga zaidi ya 900. Madaktari wengi wa paka huruhusu kichupa kilichokaa friji muda wote kitumike miezi kadhaa, mradi kinabaki angavu na sukari ya paka haijabadilika. Hilo muulize daktari wako, na kama umeme wenu hukatika mara kwa mara usilitegemee. Sirinji ndiyo gharama ndogo katika njia hii. Hutumika mara moja tu.

Mikono. Hapa sirinji inanipendeza. Sindano yake ni nyembamba mno, msukumo ni mfupi, kufumba na kufumbua umemaliza. Unaiona dawa ikiondoka. Lakini inadai macho mazuri, mwanga mzuri, na mkono usiotetemeka wakati wa kuvuta.

Inamfaa nani: mwenye macho makali au miwani inayomfaa, aliyeipata sirinji ndogo, na ambaye paka wake hakubali kushikwa zaidi ya sekunde chache.

Kalamu ya glarjini

Dozi ndogo. Unazungusha kitufe, namba inatokea kwenye kidirisha, na kila mlio mdogo ni yuniti 1. Kwa dozi ndogo kalamu hupima vizuri kuliko jicho la mtu linalokisia kati ya mistari. Kasoro yake ni kwamba kalamu ya kawaida ya kutupwa haina nusu. Kutoka 1 kwenda 2 ni kuongeza maradufu, na daktari akitaka 1.5 utakwama. Kalamu za kujazwa upya zenye hatua ya nusu yuniti zipo, zimetengenezwa kwa watoto hasa, lakini kila moja hukubali katriji (kichupa chembamba cha dawa kinachoingia ndani ya kalamu) za kampuni yake tu, kwa hiyo ulizia kalamu na katriji pamoja kabla ya kulipa.

Nusu ina uzito wake kwa paka. Tofauti na binadamu wengi, paka aliyegunduliwa mapema na kulishwa vizuri anaweza kufika mahali mwili wake ukaanza tena kutoa insulini ya kumtosha, akaacha sindano kabisa. Njia ya kufika huko ni kushusha dozi kidogokidogo, na kidogo hicho ni nusu yuniti.

Upatikanaji. Famasi zilezile. Baadhi hukubali kukuuzia kalamu 1 badala ya boksi la 5, na kwa paka hilo ni jambo kubwa. Sindano za kalamu hununuliwa peke yake. Watu wengi husahau na kufika nyumbani na kalamu isiyo na sindano.

Joto. Zile ambazo hazijaanza kutumika hukaa friji. Iliyo kazini hukaa nje, chini ya nyuzi 30, kwa siku 28, na sindano isiachwe imechomekwa maana hewa huingia na dawa huvuja. Kwa nyumba isiyo na friji ya uhakika hii ni nafuu ya kweli: unaweza kumwachia jirani mwenye friji akiba yako, ukabaki na moja tu.

Fedha. Kalamu moja ina mililita 3, yaani yuniti 300. Kila kabla ya kudunga unatakiwa kutoa yuniti 2 hewani ili kuhakikisha sindano haijaziba. Kwa hiyo paka wa yuniti 1 hutumia 3 kila mara, 6 kwa siku, 168 katika siku 28. Zinazobaki ni chache kuliko zile za kichupa. Ukihesabu kilichomwagwa, kalamu moja kwa mwezi mara nyingi huwa afadhali kuliko kichupa kizima kwa mwezi, ingawa kila yuniti peke yake ni ghali zaidi.

Wapo madaktari wanaowaruhusu wenye paka kuvuta dawa kutoka katriji ya kalamu kwa sirinji ya 0.3, ili wapate nusu yuniti bila kununua kichupa. Mtengenezaji hakukusudia hivyo, lakini kwa paka hufanyika. Ukiruhusiwa, usirudi tena kuizungusha kalamu hiyohiyo: ukishavuta kwa sirinji hewa inaweza kuwa imeingia, na namba ya kwenye kidirisha haiaminiki tena.

Mikono. Kusoma namba ni rahisi hata kwa mzee. Kudunga ndiko kugumu zaidi kuliko sirinji, kwa sababu ukishabonyeza hadi mwisho lazima uhesabu polepole hadi 10 kabla ya kuchomoa, la sivyo sehemu ya dawa hubaki nje. Kwa Tunda, 10 ni safari ndefu. Alikuwa akigeuka kwenye 6. Nilianza kumdunga huku anakula, kichwa kikiwa kwenye sahani, ndipo tukafika. Sindano ya kalamu ya milimita 4 niliiona fupi kwenye manyoya yake, dawa ikawa inabaki juu. Ya milimita 6 ilitufaa, na kuna wanaotumia ya 8.

Inamfaa nani: mwenye macho dhaifu, nyumba ambayo wadungaji ni zaidi ya mmoja, nyumba isiyo na umeme wa kuaminika, na paka mtulivu anayepewa yuniti kamili.

Insulini ya wanyama ya yuniti 40

Dozi ndogo. Hapa ndipo inapozishinda nyingine. Caninsulin, inayotokana na nguruwe, na ProZinc, zote zina yuniti 40 kwa mililita. Dawa imepungua makali, kwa hiyo yuniti 1 huwa kubwa kwa macho: nusu tone badala ya sehemu ya tano ya tone. Sirinji zake ni za yuniti 40, na ndizo pekee za kutumia nayo. Ukivuta insulini ya binadamu ya yuniti 100 kwa sirinji ya yuniti 40 hadi mstari wa 1, paka amepata 2.5. Ukifanya kinyume chake, amepata chini ya nusu ya alichoandikiwa. Kwa kawaida kofia ya sirinji ya yuniti 40 ni nyekundu na ya yuniti 100 ni rangi ya machungwa, lakini soma maandishi kwenye bomba kila mara. Nyumba moja isiwe na aina zote mbili.

Upatikanaji. Maduka ya dawa za mifugo ya Kampala, kama yale ya Container Village, rafu zake zimejaa dawa za ng'ombe, mbuzi na kuku. Usiende ukitarajia kuikuta insulini ya paka imepangwa hapo. Anza na kliniki ya wanyama wa nyumbani au uulize kwenye chuo cha tiba ya wanyama cha Makerere. Kuagiza dawa kutoka nje, ya binadamu na ya mnyama pia, kuko chini ya mamlaka ya taifa ya dawa, NDA, kwa hiyo acha kliniki ishughulikie. Najua wengi huwaza ndugu aliyeko Nairobi aipakie kwenye basi. Fikiria safari ya usiku kucha, foleni ya mpakani Busia au Malaba, na kifurushi kilicho karibu na injini. Ikifika imepata joto hutaijua kwa macho.

Joto. Hukaa friji. Ya Caninsulin ni nyeupe na hutakiwa kuchanganyika sawasawa kabla ya kuvuta. Ya ProZinc hubingirishwa taratibu viganjani. Usichukue maelekezo ya moja ukayatumia kwa nyingine, fuata karatasi iliyo ndani ya boksi.

Fedha. Bei hutegemea aliyeiagiza, na sirinji nazo lazima ziagizwe. Ila Caninsulin hutoka pia katika vichupa vidogo vya mililita 2.5, yuniti 100 tu, kwa hiyo kinachomwagwa ni kidogo.

Mikono. Ni sirinji, basi kasi ni ileile, na kupima ni rahisi zaidi. Kwa Caninsulin ipo hata kalamu yake yenye hatua za nusu yuniti. Jambo moja la tabia ya dawa: Caninsulin kwa baadhi ya paka huisha nguvu mapema, ProZinc hukaa zaidi.

Inamfaa nani: mwenye kliniki inayoiagiza kwa uhakika na kuweka akiba, na paka mdogo au mwepesi ambaye dozi yake ni ya nusunusu.

Yaliyo sawa kwa njia zote

Lisha kwanza, dunga baadaye. Paka aliyekataa chakula au aliyetapika hapewi dozi ya kawaida mpaka uongee na daktari. Inua ngozi ya ubavuni ifanye kihema, ingiza sindano chini ya kihema, sukuma, chomoa, kisha papasa manyoya. Yakiwa yamelowa, au umehisi imetokea upande wa pili, usirudie. Hujui kiasi gani kimeingia. Dozi iliyokosekana mara moja huleta sukari ya juu kwa siku moja. Dozi iliyorudiwa inaweza kumuua usiku huohuo. Badilisha mahali: leo kulia, kesho kushoto.

Sukari ikishuka mno utaona analegea, anayumba, anatetemeka, au anapata degedege. Weka asali karibu na insulini, ndani ya nyumba, siku zote. Mpake kwenye ufizi, usimmiminie kooni, na usiingize vidole akiwa kwenye degedege. Akipata nafuu mpe chakula, mkimbize kwa daktari, na usimdunge tena kabla ya kuambiwa.

Mashine ya kupimia sukari ya mama mkwe inaweza kutumika kwa kutoboa ukingo wa sikio, ila fahamu kwamba mashine za binadamu kwa kawaida husoma chini kidogo ya sukari halisi ya paka. Tumia mashine ileile kila siku na umwambie daktari ni ipi. Kipimo kikisoma chini ya kiwango alichonipa daktari kabla ya dozi, mimi sidungi, napiga simu.

Chakula nacho kinabeba sehemu ya tiba. Posho (ugali) iliyochanganywa na mchuzi, matoke, wali, mkate na maziwa humpandishia sukari. Mukene, samaki, kuku na nyama bila wanga ndiyo njia, lakini usibadilishe chakula ghafla akiwa tayari kwenye insulini, maana dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno leo. Na sindano zilizotumika usizitupe kwenye kavera, mfuko wa plastiki wa takataka. Kuna watoto na akina mama wanaochambua takataka kwa mikono. Ziweke kwenye jerikeni ndogo yenye kifuniko uipeleke kliniki ikijaa.

Kulingana na hali yako

Kama ndiyo unaanza, uko Kampala, na daktari ameandika yuniti 1 kamili: kalamu moja na sindano za milimita 6 itakupunguzia hofu ya kusoma mistari, na utajifunza haraka ukimdunga wakati anakula.

Kama daktari ameanza kuzungumzia nusu yuniti, au paka amepata nafuu na dozi inashuka, tafuta sirinji za mililita 0.3 zenye nusu, au kalamu ya nusu yuniti. Usikubali kufungiwa sirinji za mililita 1 kwa sababu ndizo zilizopo dukani.

Kama uko Arua, Gulu, Kasese au mji mwingine ambako glarjini huja kwa kuagiza, chagua kile ambacho famasi ya hapo inaweza kukuahidi kwa miezi 3 mfululizo, kisha mwambie daktari ajenge dozi juu ya hicho. Ikiwa ni NPH pekee, aambiwe mapema ili apange vipimo vya mara kwa mara zaidi.

Kama kliniki yako ina insulini ya yuniti 40 na sirinji zake pamoja, na wamekuonyesha akiba kwa macho yako, ni chaguo zuri sana kwa paka wa kilo 3. Ikiwa wana dawa bila sirinji, subiri.

Kama mchana uko kazini na mdungaji wa jioni ni dada wa nyumbani au kijana wako, nunua kifaa ambacho yeye anakiweza, hata kama wewe unapenda kingine. Mfundishe kwa kudunga maji kwenye chungwa. Bandikeni karatasi mlangoni pa friji, kila aliyedunga aandike saa na jina lake, ili asitokee wa pili akadunga tena kwa kudhani wa kwanza amesahau. Sisi tulibandika ya kwetu baada ya jioni moja ambapo mama mkwe nami tulikutana mbele ya friji, kila mmoja ameshika sirinji iliyojazwa.